Ndege Haipimwi kwa Kimo cha Askari

Kila wanapokutana wachezaji wa vita vya mezani kuna fundisho linalorudiwa kwa uhakika hata mgeni akadhani ni sehemu ya kanuni za mchezo: ndege inayoruka juu ya meza lazima iwe ya skeli ileile ya askari walio chini yake. Askari wakiwa wa milimita 28, ndege iwe ya 1/56, yaani ndogo mara 56 kuliko ndege halisi, na ikikosekana, ya 1/48. Askari wakiwa wa milimita 15, ndege iwe ya 1/100. Anayeleta ndege ndogo kuliko hapo huambiwa ameharibu picha, au amebania fedha, au hajali kazi ya mikono yake. Nalipinga fundisho hili tangu mzizi wake. Historia hailiungi mkono, hesabu inalikataa, na mchezo wenyewe unaumia kwa ajili yake. Limezaliwa kwenye kabati la maonyesho, ambako modeli husimama peke yake ikingoja kutazamwa, kisha likahamishiwa kwenye meza ambayo kazi yake ni nyingine kabisa.

Niieleze kwanza meza hiyo kwa wasioijua. Vita vya mezani ni mchezo wa mapigano unaochezwa kwa visanamu vya askari, vifaru, nyumba na miti, juu ya meza ambayo mara nyingi ina futi sita kwa nne, yaani mita 1.8 kwa 1.2 hivi. Wachezaji husogeza vikosi vyao kwa kupima inchi, hurusha dadu kuamua risasi imempata nani, na huongozwa na kitabu cha kanuni. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells aliutungia mchezo wa namna hii kitabu, Little Wars, mwaka 1913, siku ambazo ndege ya kivita ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kufikiriwa. Ndege iliingia mezani baadaye, na tangu ilipoingia imekuwa mgeni mgumu, kwa kuwa ndicho kitu pekee cha mchezo kisichokaa juu ya meza.

Watetezi wa skeli moja hupenda kusema kwamba hesabu iko upande wao, basi tuanze na hesabu. Kwa skeli ya 1/56, meza ya mita 1.8 ni uwanja wa mita 100 tu. Katika kanuni za Bolt Action, zilizotoka mwaka 2012 na zinazochezwa sana kwa askari wa milimita 28, bunduki ya kawaida hufika inchi 24. Hizo ni sentimita 61. Zikuze mara 56, unapata mita 34. Hakuna askari wa Vita vya Pili vya Dunia aliyebeba bunduki inayokoma mita 34. Kila mchezaji anajua hivyo na halalamiki, kwa sababu umbali usipobanwa hakuna pigano litakaloenea mezani. Nyumba nazo hupunguzwa, na kijiji kizima huwakilishwa na nyumba tatu na kisima. Tumekwisha kukubaliana, bila kuandikiana mkataba, kwamba kimo cha askari kina kipimo chake na umbali wa ardhi una kipimo kingine. Ndege maisha yake yote ni umbali na kasi. Kwa nini basi ndiyo ifungwe kwenye kimo cha askari?

Ndege inayoshambulia kwa kilomita 400 kwa saa hupita mita 111 kila sekunde. Ingevuka uwanja wetu mzima kabla sekunde moja haijaisha. Ipachike sasa kwenye kijiti cha sentimita 30, kama wafanyavyo wengi: kwa 1/56 iko mita 17 kutoka ardhini, chini ya kilele cha mnazi mrefu. Stuka, yaani Junkers Ju 87, ndege ya mabomu ya Wajerumani, ilishuka karibu wima kutoka maelfu ya mita na kuachia bomu ikiwa bado juu kiasi cha mita 450. Kwa 1/56 hizo ni mita nane. Chumba cha mchezo chenye dari ya mita nane sijakiona. Kwa hiyo Stuka kubwa inayoning'inia juu ya vichwa vya visanamu haiko kwenye skeli hata kidogo: mwili wake umepimwa kwa uangalifu mkubwa, kisha ukawekwa mahali ambapo Stuka nzima isingeweza kuwa.

Na hata huo usawa wanaoudai hawanao. "Milimita 28" si skeli. Ni kimo cha kisanamu, na watengenezaji wenyewe hawajakubaliana kama kimo hicho kipimwe hadi machoni au hadi utosini. Mtu wa mita 1.75 kwa skeli ya 1/64 ana milimita 27, kwa 1/56 ana 31, kwa 1/48 ana 36. Juu ya hayo visanamu vingi huchongwa na vichwa vikubwa na viganja vinene ili vionekane kwa mbali, kisha husimamishwa kwenye kitako cha plastiki kinachoviongezea kimo. Sasa, ndege za 1/56 ni chache madukani, kwa hiyo watetezi hukimbilia 1/48. Ndege ya 1/48 ni kubwa kuliko ya 1/56 kwa karibu asilimia 17. Ndege ya 1/72 ni ndogo kuliko hiyo ya 1/56 kwa karibu asilimia 22. Makosa mawili yanayokaribiana hivi, moja linaitwa uaminifu na jingine linaitwa uzembe. Sijasikia sababu ya upendeleo huo inayoweza kusimama. Ninachokiona ni kwamba modeli kubwa hupendeza kuijenga, na aliyeijenga anataka ionekane. Hamu hiyo naiheshimu. Nisichokubali ni kuigeuza sheria ya kuwahukumia wengine.

Gharama yake si ndogo. Ukitoka 1/72 kwenda 1/48, urefu unazidi mara moja na nusu, eneo ndege inalofunika mezani linazidi mara 2.25, na ujazo wa mwili mara 3.4 hivi. Il-2 ya Wasovieti ilikuwa na mabawa ya mita 14.6: kwa 1/48 ni sentimita 30 za bawa juu ya meza ya sentimita 120. Robo ya upana wa uwanja imefunikwa na ndege moja iliyokuja kufanya kazi ya sekunde chache. Mchezaji anataka kusogeza kikosi kilicho chini yake, mkono wake unagonga bawa, kijiti kinayumba, bunduki ya kisanamu inavunjika. Zamu mbili zikipita, ndege inahamishiwa juu ya kabati, na mchezo unaendelea bila anga.

Watetezi wakishindwa kwa hesabu huenda kwa jicho. Jicho, wanasema, haliwezi kukubali ndege ambayo rubani wake ni mfupi kuliko askari. Lakini jicho linalohusika hapa ni lipi? Mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule watengeneze modeli za ndege nusu milioni ili wanajeshi na raia wajifunze kuitambua ndege ya adui na ya rafiki. Skeli iliyochaguliwa ilikuwa 1/72, na sababu yake ilihusu umbali wa kutazamia. Modeli ya 1/72 ikishikwa futi 35 mbele ya mwanafunzi humjia jichoni kama ndege halisi iliyo karibu nusu maili. Hakuna aliyeuliza kama modeli hiyo inalingana na mtu aliyeishika. Waliuliza itaonekanaje kutoka pale aliposimama anayepaswa kuiogopa au kuishangilia. Maisha ya watu yalitegemea jibu, na jibu lao lilikuwa umbali.

Ifanye hesabu hiyohiyo kwa kisanamu chetu. Spitfire, yenye mabawa ya mita 11.2, ikiwa mita 500 kutoka kwa askari, humjia kwa pembe ya nyuzi 1.3 tu. Ili kisanamu kilicho sentimita 30 chini ya kijiti "kiione" hivyo, modeli ingepaswa kuwa na bawa la milimita saba. Spitfire ya 1/144 ina sentimita 7.8, zaidi ya mara kumi ya hapo. Ya 1/48 ina sentimita 23. Kwa hiyo anayeweka ndege ya 1/144 bado ametoa ndege kubwa mno kwa macho ya askari wake. Mimi siombi mtu aweke ndege ya milimita saba. Isingeonekana, na mchezo ni wa watu wazima wanaosimama kuuzunguka. Naomba tu ikubaliwe kwamba tunapochagua kati ya 1/48 na 1/144, ukweli wa uwanja wa vita uko karibu zaidi na ile ndogo.

Waliotunga michezo kwa ajili ya kuchezwa walishalitambua hili. Battlefront wa New Zealand, wenye mchezo wa Flames of War unaotumia askari wa milimita 15 na vifaru vya 1/100, waliwauzia wachezaji wao ndege za 1/144. Zvezda wa Urusi, katika mfululizo wa Art of Tactic, waliweka askari wa 1/72, vifaru vya 1/100 na ndege za 1/144 katika mchezo mmoja. Skeli tatu mezani, na mchezo unakwenda. Viwanda hivi vina zana na mafundi wa kutoa ndege ya ukubwa wowote. Walichagua ndogo wakijua askari wao ni wakubwa.

Nichukue vita vilivyopiganwa katika nchi ya watu wanaosema lugha yetu. Septemba 1961, huko Jadotville, mji wa madini ambao leo ni Likasi, katika Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo, kampuni moja ya wanajeshi wa Ireland waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa, watu zaidi ya 150, ilizingirwa kwa siku tano na askari wa Katanga pamoja na mamluki. Pigano hili linapendwa na wachezaji wa meza, na ninaelewa kwa nini: kampuni moja, mahandaki yaliyochimbwa mapema, maji yanapungua, msaada umekwama njiani darajani. Na juu yao, ndege moja. Fouga Magister ni jeti ndogo iliyobuniwa Ufaransa kwa kufundishia marubani, na Katanga iliitia mabomu na bunduki za rashasha. Umoja wa Mataifa wakati huo haukuwa na hata ndege moja ya kivita Kongo nzima. Jeti za Uswidi zilifika Oktoba. Kwa hiyo kila Fouga ilipotokea, anga yote ilikuwa yake. Ilipiga, ikaharibu magari, ikapotea, ikarudi.

Utaionyeshaje mezani? Bawa la Fouga ni mita 12 hivi. Kwa 1/48 ni sentimita 25, na ukiipachika katikati ya meza utakuwa na jeti nzuri sana iliyoganda juu ya mahandaki zamu baada ya zamu, ikiwakinga Waairishi na jua. Watazamaji watasifu rangi yake. Hakuna atakayehisi kilichowapata wale watu, yaani anga tupu, mngurumo usiojulikana unatoka wapi, kisha kitu kidogo, chepesi, kinachokua ghafla na kutoweka. Ndege ya 1/144, sentimita nane, kwenye kijiti kirefu cha sentimita 40 au 50, huletwa pembeni mwa meza zamu ya shambulio, hupitishwa juu ya handaki kwa mkono, dadu hurushwa, na huondolewa kabisa. Zamu inayofuata wachezaji wote wawili hutupia jicho kwenye sanduku ilimowekwa. Hapo ndipo Fouga imeingia mchezoni. Bolt Action inakubaliana na hali hii katika kanuni zake: ndege huitwa na afisa mwelekezi, dadu huamua kama itakuja, na pengine rubani hukosea akashambulia upande wake. Ndege hapo ni tukio, na modeli yake inapaswa kufika na kuondoka kama tukio.

Ipo hoja moja ya watetezi ambayo ina uzito wa kweli, nami sitaipita kando. Wanasema: mchezaji hatazami kutoka chini kama askari. Anatazama kutoka juu, amesimama, na ndege iko kati ya jicho lake na ardhi. Kwa kanuni ya macho, kilicho karibu na mtazamaji huonekana kikubwa zaidi. Kwa hiyo ndege ingetakiwa iwe kubwa kuliko askari, na anayeipunguza amegeuza mtazamo juu chini.

Hoja hii ingeshinda kama mchezaji angekuwa amekaa angani wakati wote wa mchezo. Lakini hakai huko. Mtazame anapocheza: kila mara anapotaka kujua kama askari wake anamwona adui, anainama mpaka jicho lake lifike usawa wa kisanamu. Anapopanga mashambulizi anasimama tena. Mezani ana macho mawili, la jenerali mwenye ramani na la askari mwenye hofu, na huhama kati yake mara nyingi kwa saa moja. Kwa jicho la jenerali, ndege ni alama kwenye ramani, na alama kwenye ramani haitakiwi kufunika mji. Kwa jicho la askari, ndege iko mbali. Macho yote mawili yanataka ndege ndogo. Anayeitaka kubwa ni mtazamaji wa tatu, aliyekuja kuangalia modeli.

Sasa niseme palipo na haki yao, kwa sababu ipo. Ndege ikigusa ardhi, mambo yanabadilika kabisa. Julai 1942, magari ya jeep ya SAS, kikosi maalumu cha Uingereza, yalivamia usiku uwanja wa ndege wa Sidi Haneish huko Misri na kuharibu ndege za Wajerumani zilizoegeshwa, zikiwemo Ju 52 za usafirishaji. Mchezo huo hauwezi kuchezwa kwa ndege za 1/144 na askari wa milimita 28. Mtu anasimama kando ya gurudumu, anapita chini ya bawa, anajificha nyuma ya mkia. Hapo ndege ni jengo, na jengo hupimwa kwa mtu. Ju 52 yenye mabawa ya mita 29 kwa 1/56 ni zaidi ya nusu mita, na ndivyo iwe, hata kama meza itabeba mbili tu. Vivyo hivyo nyiririko za Horsa, ndege zisizo na injini, zilizotua kando ya daraja la mfereji wa Caen usiku wa kuamkia Juni 6, 1944, na helikopta za Vietnam zinazoshusha askari shambani. Huko Jadotville kwenyewe kuna mfano wa pande zote mbili. Helikopta moja ilifaulu kutua kwa waliozingirwa ikiwa na maji, nayo yakawa hayanyweki kwa sababu madebe yalikuwa na mabaki ya petroli. Anayecheza siku hiyo atengeneze helikopta kwa skeli ya askari wake, maana wanaume watakimbia kwenda mlangoni kupokea madebe. Fouga iliyo juu yao ibaki sentimita nane. Skeli mbili katika uwanja mmoja, na kila moja ina sababu yake.

Hii ndiyo kanuni ninayoitetea, na inashangaza jinsi ilivyo rahisi: uliza ndege inafanya nini katika mchezo huu, na nani ataigusa. Kipimo kitafuata.

Michezo ya angani tupu, isiyo na askari chini, inathibitisha hivyo kwa njia nyingine. Huko hakuna kisanamu cha kulinganisha, kwa hiyo wabunifu wako huru. Wamechagua nini? Andrea Angiolino na Pier Giorgio Paglia, Waitaliano waliobuni Wings of War, mchezo ambao leo unaitwa Wings of Glory, wana modeli za 1/144 kwa Vita vya Kwanza vya Dunia na za 1/200 kwa vya Pili. Sopwith Camel ya vita vya kwanza ina bawa la sentimita 5.9; Spitfire ya vita vya pili ina sentimita 5.6. Blood Red Skies, mchezo wa Andy Chambers wa mwaka 2018, nao umechukua 1/200. Skeli zinatofautiana, vita vinatofautiana, lakini ndege ya mapigano inarudi kuwa na sentimita tano au sita, ukubwa unaoshikika kwa vidole vitatu bila kugonga jirani yake. Walipima mkono wa mchezaji na upana wa meza. Hawakuanza na tarakimu ya skeli.

Na anayetaka pigano kubwa ashuke zaidi. Agosti 17, 1943, Wamarekani walituma ndege za mabomu 376 za aina ya B-17 kupiga miji ya Ujerumani ya Schweinfurt na Regensburg, na 60 hazikurudi. Kundi moja tu lililopangwa angani lilikuwa na ndege kama 18. Bawa la B-17 ni mita 31.6. Kwa 1/72, ndege 18 zikipangwa bawa kwa bawa zinajaza karibu mita nane. Kwa 1/144, karibu nne. Kwa 1/600, kila moja ina sentimita tano na kundi zima linaingia kwenye sinia. Tumbling Dice wa Uingereza wanatengeneza ndege hizo za chuma kwa 1/600. Ni kweli huoni rubani wala bunduki za mkiani. Unachokiona ni umbo la kundi, jinsi linavyolindana kwa bunduki za rashasha, na jinsi pengo linavyofunguka ndege moja inapoanguka. Hilo ndilo walilolipigania pande zote siku ile, na B-17 moja ya nusu mita, hata ikipakwa rangi na fundi bora, haiwezi kulionyesha.

Mtu asidhani kwamba nahubiri udogo. Mto Rufiji unataka kinyume. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji tangu Septemba 1914, na Waingereza walihangaika kuifikia kwa miezi. Walileta ndege aina mbalimbali, nyingine za kutua majini, na joto na unyevu wa pwani yetu vikazidhoofisha. Hatimaye, kutoka uwanja uliotengenezwa kisiwani Mafia, ndege ziliruka kuwaelekeza wapiga mizinga wa meli bapa Severn na Mersey, ambao hawakuweza kuiona shabaha yao nyuma ya mikoko. Julai 11, 1915, Henri Farman ya rubani Cull na mwelekezi Arnold iliharibiwa kwa mizinga ya Königsberg, na hao wawili wakaendelea kutuma maelekezo wakiwa wanashuka, mpaka wakaangukia mtoni na kuokolewa. Siku hiyo manowari iliangamia.

Königsberg ilikuwa na urefu wa mita 115. Wachezaji wengi wa vita vya majini hutumia meli za 1/1200, na kwa skeli hiyo inakuwa na chini ya sentimita kumi, huku umbali wa mizinga wa kilomita tisa au kumi ukiwa mita nane, ambao nao lazima ubanwe. Farman ya 1/1200 ingekuwa na sentimita moja na kidogo. Isingeonekana kati ya mikoko ya sifongo. Lakini katika pigano hili ndege ndiyo roho ya mchezo: ikiwa angani, mizinga ya Waingereza inaona, ikianguka, inapofuka. Kitu chenye uzito huo lazima kila aliye mezani akione wakati wote. Weka basi ndege ya 1/300, au hata ya 1/144, juu ya meli za 1/1200. Wale wa skeli moja watanung'unika tena, safari hii kwamba ni kubwa mno, na jibu langu halibadiliki.

Kuhusu modeli yenyewe nina machache, kwa kuwa ufundi unafuata uamuzi. Kisanduku cha kujengea cha kisasa cha 1/48 kina vipande vingi ambavyo mchezo hauvihitaji: usukani wa rubani, mishipi ya kiti, nyaya za antena, milango ya magurudumu. Kila kilichochomoza kitavunjika mkononi mwa mtu wa pili kukishika. Ndege ya meza ijengwe magurudumu yakiwa ndani, antena ikatwe, rafadha iondolewe au iwekwe kipande cha plastiki angavu cha duara mahali pake, maana rafadha iliyosimama inatangaza kwamba injini imezimika. Sumaku ndogo tumboni, kijiti cha akriliki, kitako kizito cha chuma. Rangi ziwe nyepesi kuliko za ndege halisi, kwa sababu modeli ndogo hunywa mwanga. Ndege ya 1/72 hupatikana kwa aina nyingi kuliko skeli nyingine yoyote, tangu Airfix walipotoa Spitfire yao ya kwanza miaka ya hamsini. Za 1/144 hupatikana hata zikiwa zimepakwa rangi tayari, kama zile za F-toys wa Japani. Kwa sisi tunaoagiza kutoka nje, sanduku dogo lina maana kubwa: mizigo ya ndege hutozwa pia kwa ukubwa wake, na anayeanza Nairobi au Dar es Salaam kwa fedha yake mwenyewe anaweza kupata kikosi kizima cha 1/144 mahali ambapo mwingine amepata ndege moja.

Na ni huyo anayeanza ninayemtetea hapa kuliko wote. Anakuja na ndege nne ndogo alizozijenga kwa bidii, akiwa amesoma pigano lake na kujua kikosi gani kilikuwa wapi, na jambo la kwanza analoambiwa ni kwamba skeli yake si sahihi. Anarudi nazo nyumbani. Waandaaji wa mashindano wanaotoa alama kwa mwonekano wa meza waifute skeli moja katika vigezo vyao vya ndege zinazoruka, waibakize kwa zilizo ardhini, na wamwulize mchezaji swali ambalo ana haki ya kuulizwa: ndege hii imekuja kufanya nini, na je, umeiweka mahali ambapo nitaiona ikifanya?